Mafunzo ya kuhudumia wenye kiwewe: yapi yanaifaa kazi yako?

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa mwalimu, muuguzi, afisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia na watoto, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mchungaji au ustadhi, maana ya hesabu hiyo ni moja: wenye kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, wako mbele yako tayari, ujue usijue.

Kutaka mafunzo, basi, ni jambo la lazima. Ugumu unaanza matangazo yanapofika. Moja linaahidi cheti kwa siku moja, jingine linataka wiki mbili, la tatu linadai shahada ya uzamili, na yote yanaandika "kiwewe" juu kabisa kana kwamba yanafundisha kitu kimoja. Hapa tunayaweka sambamba mafunzo ya aina tano ambayo mtoa huduma wa Afrika Mashariki anaweza kukutana nayo: huduma ya kwanza ya kisaikolojia, LIVES kwa watumishi wa afya, mageuzi ya taasisi nzima, PM+ (vikao vichache vya kupunguza msongo), na tiba za kiwewe zenyewe.

Vipimo tulivyotumia

Kipimo cha kwanza, na ndicho kizito kuliko vyote, ni idadi ya mara utakazokutana na mtu yuleyule. Daktari wa zamu ya usiku atamwona mama aliyepigwa mara moja, pengine kwa dakika 15. Mlezi wa makao ya watoto atakuwa na mtoto yuleyule mwaka mzima. Ukimpa daktari yule mbinu ya vikao 12, hatapata pa kuitumia. Ukimpa mlezi mbinu ya siku moja, itamwishia wiki ya pili.

Kipimo cha pili ni mipaka ya kazi yako kisheria. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo kama taaluma asajiliwe. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua kwamba mtoto anadhulumiwa. Mwezeshaji anayewafundisha watu kumwahidi mtoto kuwa "kila utakachoniambia ni siri yetu" anawaingiza matatani, na siku taarifa inapopelekwa mtoto anajiona amesalitiwa mara ya pili.

Cha tatu ni muda wote utakaotumika, pamoja na ule wa baada ya ukumbini. Cha nne ni msimamizi, yaani mtu mwenye uzoefu zaidi atakayesikiliza kesi zako kila wiki au kila baada ya wiki mbili, akuigizishe upya pale ulipokwama, na aangalie pia hali yako mwenyewe. Kupitia madaftari na kuweka sahihi hakuhesabiki. Cha tano ni rufaa: watu gani wako nyuma yako kesi inapokuzidi. Cha sita ni ushahidi, hasa uliopatikana katika mazingira yanayofanana na yetu.

Kabla ya kulinganisha chochote, kagua jambo moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri dhidi ya kuwakusanya watu mara baada ya tukio na kuwataka wasimulie kwa undani yaliyowapata. Linashauri pia wasipewe dawa za kundi la diazepam kwa sababu tu wana dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Mafunzo yanayosisitiza "mwache atoe yote, alie, atapona" yamepitwa na wakati na yanaumiza. Yanaumiza pia mafunzo yanayowataka washiriki wenyewe wasimulie majeraha yao mbele ya wafanyakazi wenzao. Darasani wamo waliobakwa na waliofiwa, na kesho watakutana na wenzao hao kwenye chai ya saa nne. Mafunzo ya kuaminika hutumia kesi za kubuni, hutangaza mapema ni saa ngapi maudhui mazito yatakuja, huruhusu mtu kutoka bila kuulizwa, na huwa na mtu aliyepangwa kumfuata aliyetoka.

1. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia

*Kinachofundishwa.* Mwongozo unaotumika zaidi ulitolewa na WHO pamoja na War Trauma Foundation na World Vision mwaka 2011. Una vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kuangalia ni kukagua usalama, mahitaji ya haraka, na nani amezidiwa. Kusikiliza ni kumkaribia mtu kwa heshima, kumuuliza anahitaji nini sasa, na kukaa naye bila kumlazimisha aseme. Kuunganisha ni kumfikisha kwa ndugu zake, kwenye taarifa sahihi na kwenye huduma. Kwa mtu aliyepoteza mwelekeo, mwongozo unatoa hatua ambazo yeyote anaweza kuzishika: mwambie aweke nyayo sakafuni na azihisi, agongegonge vidole kwenye mapaja, ataje vitu visivyotisha anavyoviona au kuvisikia, kisha apumue polepole.

*Muda na gharama.* Nusu siku hadi siku moja. Gharama kubwa ni ukumbi na nauli. Tenga angalau theluthi moja ya siku kwa maigizo. Watu wakisikiliza slaidi kutwa, wanatoka na maneno matatu kichwani na mikono mitupu.

*Anayefaa kufundishwa.* Yeyote mtulivu: dereva wa gari la wagonjwa, mwanamgambo, balozi wa nyumba kumi, mwalimu wa zamu, mjitolea wa Msalaba Mwekundu.

*Usimamizi.* Mwepesi. Inatosha kuwa na kiongozi wa zamu anayezungumza na timu kabla na baada ya kazi.

*Ushahidi.* Umejengwa zaidi juu ya makubaliano ya wataalamu kuliko majaribio makubwa. Asikuambie mtu kwamba inazuia kiwewe cha muda mrefu.

*Panapoharibika.* Kwanza, watu wanaigeuza kuwa ushauri nasaha: siku ya tatu bado mjitolea anamrudia mjane kwa maswali. Pili, kitendo cha kuunganisha kinabaki hewani kwa sababu hakuna aliyeandaa orodha ya huduma. Orodha inayofaa ina jina la kituo, namba ya simu iliyopigwa na kujibiwa mwezi huu, saa za kazi, gharama, na nauli ya kufika. Nchini Tanzania na Kenya namba 116 ni ya watoto, na Kenya 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Ziandike juu kabisa.

*Inamfaa nani.* Anayekutana na watu mara moja, saa au siku chache baada ya moto, mafuriko, ajali au shambulio.

2. LIVES kwa watumishi wa afya

*Kinachofundishwa.* Huu ni mtaala wa WHO kwa watoa huduma za afya wanaowaona wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao au ukatili wa kingono. Jina LIVES limeundwa na herufi za kwanza, kwa Kiingereza, za hatua zake tano: kusikiliza, kuuliza mahitaji yake, kumthibitishia kwamba anaaminiwa na hana kosa, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada.

Hatua ya usalama ndiyo inayoyapa mafunzo haya thamani ya pekee. Mtumishi anafundishwa kuuliza mambo sita. Je, kipigo kimeongezeka au kimekuwa kikali zaidi kwa miezi 6 iliyopita? Amewahi kukutishia au kukujeruhi kwa silaha? Amewahi kukukaba koo? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokwisha? Anayejibu ndiyo kwa matatu au zaidi yuko hatarini kweli, na kumrudisha nyumbani bila mpango ni kumwacha pabaya.

*Muda na gharama.* Kwa kawaida siku 2 hadi 5, kutegemea kama huduma ya kitabibu baada ya ubakaji imeingizwa. Iingizwe: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kinga ya mimba ya dharura itolewe ndani ya saa 120. Muuguzi anayejua kusikiliza lakini hajui saa hizo amejifunza nusu.

*Anayefaa.* Wauguzi, wakunga, matabibu, madaktari, washauri wa VVU. Asiye wa kituo cha afya atapata faida ndogo.

*Usimamizi.* Mkutano wa kesi wa kila mwezi kituoni, ukiongozwa na mtu mmoja aliyeteuliwa rasmi.

*Ushahidi.* Mpango umejengwa juu ya miongozo ya WHO ya mwaka 2013 kuhusu ukatili wa wenza na wa kingono.

*Panapoharibika.* Kituo kinafundisha watu kisha kinawataka wamuulize kila mwanamke anayepita. WHO haipendekezi kumuuliza kila mmoja. Inataka kwanza pawe na utaratibu ulioandikwa, waliofundishwa, chumba cha faragha, usiri na njia ya rufaa. Swali la ukatili likiulizwa mume akiwa nyuma ya pazia, jibu linaweza kumletea mwanamke kipigo kingine usiku huohuo.

*Inamfaa nani.* Kliniki ya wajawazito, wagonjwa wa nje, na vituo vya mkono kwa mkono, yaani vinavyompa aliyefanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja.

3. Mageuzi ya taasisi nzima

*Kinachofundishwa.* Msingi wake mkubwa ni waraka wa mwaka 2014 wa SAMHSA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia afya ya akili na uraibu. Unadai mambo manne kwa kila aliyeko kwenye taasisi: atambue jinsi kiwewe kilivyoenea, azijue dalili zake, ayaingize maarifa hayo katika taratibu za kazi, na ajizuie kumuumiza mtu upya. Misingi yake ni sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa wenzao waliopitia hayohayo, ushirikiano, kumpa mtu sauti na uchaguzi, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Hapa hafundishwi mtu kutibu. Inafundishwa nyumba nzima isijeruhi.

Kwa maneno ya kituo cha afya, inakuwa hivi. Karani haulizi "umekuja na shida gani?" kwa sauti ya kusikika benchi zima. Mlinzi hamshiki mtu mkono kumwelekeza. Mgonjwa anachagua kiti, na kuna kiti kinachouona mlango. Kabla ya kugusa, muuguzi anaeleza atakachofanya na kwa nini, kisha wanapatana ishara ya kusimamisha. Mtu harudii habari yake kwa karani, kwa muuguzi, kwa daktari, kisha kwa askari. Maelezo yanachukuliwa mara moja vizuri na kupita kwa karatasi. Kenya kuna fomu ya huduma baada ya ubakaji MOH 363 na P3 ya polisi, Tanzania kuna PF3. Kila kurudia kunakoepukwa ni nafuu ambayo haikugharimu shilingi.

*Muda na gharama.* Siku za darasani ni chache: saa 3 au 4 kwa kila mfanyakazi, wakiwemo mlinzi, mpishi na mfanya usafi. Kazi yenyewe ni mwaka mmoja au zaidi, na inahitaji timu ya watu 5 hadi 7 wenye ruhusa ya kubadilisha taratibu. Anzeni kwa kuufuata mguu kwa mguu mwendo wa mteja toka getini hadi anapotoka, mkiandika kila mahali anapoaibishwa, anapofungiwa, anaposhtushwa au anapokosa maelezo. Chagueni matatu ya kurekebisha ndani ya siku 90.

*Anayefaa.* Taasisi yenye mkuu anayekubali naye aketi darasani. Mkuu akituma wengine na kubaki ofisini, usilipie mafunzo haya.

*Usimamizi.* Timu ile hukutana kila mwezi. Utunzaji wa wafanyakazi ni sehemu ya kazi hiyo: kupangwa kwa zamu, likizo inayochukuliwa kweli, na mahali pa kuzungumza baada ya kesi nzito. Anayesikiliza habari za ubakaji kila siku huanza kuota asiyoyaona, au hukauka moyo akawa mkali kwa wateja. Hilo ni jeraha la kazi na lihesabiwe hivyo.

*Ushahidi.* Mchanganyiko. Ni vigumu kupima mabadiliko ya taasisi nzima, na tafiti hutofautiana katika kile zinachokiita mageuzi.

*Panapoharibika.* Mabango yanabandikwa, mazoea yanabaki. Shuleni mfano ulio wazi ni kiboko. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mahali vinapoendelea, kwa ruhusa au kwa siri, mafunzo haya hayashiki, kwa sababu mtoto anayepigwa nyumbani akifika darasani mwili wake unasubiri pigo jingine, na ubongo unaosubiri pigo haujifunzi hesabu. Tatizo jingine ni uhamisho: nusu ya waliofundishwa wanahamishwa, na wapya hawafundishwi. Ingizeni saa zile 3 kwenye utaratibu wa kumpokea kila mfanyakazi mpya.

*Inafaa nani.* Makao ya watoto, shule za bweni, wodi za wazazi, mahabusu za watoto, nyumba salama.

4. PM+

*Kinachofundishwa.* PM+ (Problem Management Plus) ni mbinu ya WHO iliyotolewa 2016 kwa watu wazima wenye huzuni, hofu na msongo katika jamii zilizopata misukosuko. Mtu mmoja anapewa vikao 5 vya kila wiki, kila kimoja dakika 90. Ndani yake mna stadi nne: kutuliza mwili kwa pumzi za polepole, kuchambua tatizo moja linalotatulika na kulipangia hatua, kurudi kidogokidogo kwenye shughuli ambazo mtu ameziacha, na kuimarisha watu wa karibu. Lipo pia toleo la kikundi.

PM+ haimwingizi mtu katika kumbukumbu za tukio. Mwanamke anayeeleza kwamba moyo unamwenda mbio, usingizi unakatika saa nane za usiku na mwili hauna nguvu anaweza kusaidiwa bila kulazimika kusema nani alimfanyia nini. Katika kijiji ambako kila mtu anamjua kila mtu, hiyo ni faida kubwa.

*Muda na gharama.* Kwa asiye na msingi wa afya ya akili, kama saa 80 za darasani, yaani siku 10. Baada ya hapo kuna kesi za mazoezi chini ya msimamizi. Tuchukue mfano: ukiwafundisha watu 12 na kila mmoja akabeba kesi 2 za mazoezi, kila mmoja atatumia saa 15 kwenye vikao pekee (kesi 2 × vikao 5 × saa 1.5), mbali ya nauli na saa za usimamizi. Bajeti inayoishia siku ya kugawa vyeti imeacha nje sehemu inayomfanya mtu awe na uwezo.

*Anayefaa.* Mhudumu wa jamii aliyemaliza sekondari, anayesoma na kuandika bila shida, anayetunza siri, na aliyepunguziwa kazi nyingine. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika.

*Usimamizi.* Kila wiki, saa 2 hadi 3, katika kikundi kidogo. Msimamizi awe na mafunzo ya afya ya akili.

*Ushahidi.* Mzuri, na wa karibu nasi. Jaribio lililochapishwa 2017 lilihusisha wanawake 421 wa vitongoji vya Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii ndio walioendesha vikao, na msongo wa waliopata PM+ ulipungua kuliko wa waliopata huduma ya kawaida.

*Panapoharibika.* Mhudumu anageuka mshauri wa maisha: badala ya kumsaidia mtu achague hatua, anamwambia la kufanya. Hii ni tabia ngumu kuvunja, hasa kwa mtu mwenye heshima mtaani, ambaye kila siku watu humjia awape neno. Inavunjika kwa maigizo mengi yanayosimamishwa katikati na kurudiwa. Kosa la pili ni kumpokea asiyefaa: mwenye mpango wa kujiua hivi karibuni, mwenye ugonjwa mkali wa akili, au aliyetawaliwa na pombe. Hao wanahitaji rufaa siku hiyohiyo. La tatu ni kuchagua tatizo lisilotatulika. "Mume wangu anywe kidogo" haliko mikononi mwa mteja, "nipate pa kuweka hela ya ada" liko.

*Inamfaa nani.* Miradi ya jamii na kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, mahali unapoweza kumwona mtu kwa wiki tano mfululizo.

5. Tiba za kiwewe: TF-CBT na NET

*Kinachofundishwa.* TF-CBT (Trauma-Focused Cognitive Behavioural Therapy), tiba ya mawazo na tabia inayolenga kiwewe, ni ya watoto na walezi wao. Inaanza na elimu kuhusu kiwewe na malezi, kutuliza mwili, kutaja hisia na kuzidhibiti, na kuona uhusiano wa wazo, hisia na tendo. Baadaye mtoto anajenga simulizi la yaliyompata, hatua kwa hatua, na mwisho anaisimulia kwa mlezi aliyeandaliwa kuipokea.

NET (Narrative Exposure Therapy), tiba ya kusimulia maisha, ilibuniwa kwa manusura wa vita na mateso, wenye matukio mengi. Mtu anatandika kamba sakafuni kama njia ya maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua kwa kila tukio jema na jiwe kwa kila baya. Kipande cha kamba kilichobaki kinaachwa kimekunjwa, ni siku zijazo. Vikao vinavyofuata vinapita njia hiyo kwa mpangilio. Mshauri anaandika, kikao kijacho anamsomea, na mwisho mtu anabaki na maandishi ya maisha yake.

*Muda na gharama.* Juu kuliko yote. TF-CBT huchukua vikao 12 au zaidi. NET mara nyingi 4 hadi 12. Mfumo wa vyeti wa TF-CBT wa Marekani unadai shahada ya uzamili na leseni, na hilo huwakatisha tamaa wengi hapa. Lakini katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa wiki 6 na wakaendesha NET kwa Wanyarwanda na Wasomali wenzao. Kinachotakiwa kwanza ni usimamizi. Shahada inaweza kukosekana, usimamizi hauwezi.

*Anayefaa.* Mshauri nasaha au mwanasaikolojia, au mtu wa kawaida aliyechujwa vizuri ambaye mradi utamlipa kwa kazi hii peke yake.

*Usimamizi.* Kila wiki, kesi kwa kesi, bila kukatika, na msimamizi awe ameitoa tiba hiyo yeye mwenyewe.

*Ushahidi.* Wenye nguvu kuliko wa mengine yote hapa kwa kiwewe chenyewe. Nakivale, matokeo yalichapishwa 2008. Moshi na Bungoma, watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 walihusika katika jaribio la TF-CBT ya vikundi iliyoendeshwa na washauri wasio wataalamu. Ilipokwisha ilikuwa imewashinda wenzao wa huduma ya kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya, lakini Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Hilo lisipuuzwe: mbinu moja haina nguvu ileile kila mahali. Kivu, Kongo nako, tiba ya vikundi ya kuchakata mawazo ya kiwewe, iliyotolewa na wasaidizi wa kijamii kwa wanawake waliobakwa, ilileta nafuu kubwa. Jaribio lake lilichapishwa 2013.

*Panapoharibika.* Katika NET, kosa la hatari ni kusimama juu ya jiwe. Hofu hupanda mtu anaposimulia, kisha hushuka akiendelea kusimulia mpaka upande wa pili wa tukio. Kikao kikikatwa kwa sababu chumba kinatakiwa, mtu anaondoka akiwa kileleni mwa hofu, na mwili wake unajifunza kwamba kukumbuka ni hatari kweli. Tengeni dakika 90 hadi 120 zisizoguswa. Katika TF-CBT kosa ni kinyume chake: mshauri anaogopa simulizi, hivyo wiki zinakwisha kwa kuchora na kupumua, na mtoto anaelewa kwamba hata mtu mzima huyu hawezi kulisikia jambo lake. Na kwa zote mbili, usianze ikiwa mtu bado analala nyumba moja na anayemdhuru. Usalama kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye wateja wanaorudi, chumba, msimamizi, na watu ambao miezi imepita lakini jinamizi, kushtuka na kukwepa havijapungua.

Kwa hali yako

Kama uko zamu ya dharura, polisi au kwenye maafa, chukua huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na hela iliyobaki itumike kuandaa orodha ya rufaa. Ukiwa kituo cha afya kinachopokea wanawake waliopigwa au kubakwa, LIVES itangulie. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ya siku moja haikupi maswali ya hatari wala saa 72.

Mwalimu mmoja aliyetumwa peke yake kwenye mafunzo ya taasisi nzima atarudi na kukwama. Aombe atumwe pamoja na mkuu na mlezi wa bweni, au asubiri. Wakati huo anaweza kujifunza huduma ya kwanza na kubadilisha anachokimiliki: sauti yake, mpangilio wa darasa, na namna anavyomwita mtoto pembeni.

Shirika lenye wahudumu wa jamii na mwanasaikolojia mmoja wa kuajiri liangalie PM+, lakini limlipe mwanasaikolojia huyo kwa miezi 12 kabla ya kukodi ukumbi. Likikosa hela ya usimamizi, libaki na mafunzo mepesi na lijenge rufaa imara. Wahudumu 6 wanaosimamiwa wanasaidia watu wengi zaidi kuliko 40 walioachwa.

Mshauri nasaha aliyesajiliwa anayehudumia watoto aende TF-CBT. Anayehudumia wakimbizi wa Kongo, Burundi au Sudan Kusini wenye historia ndefu ya vita aende NET. Kama hana msimamizi mjini kwake, apatane na wenzake wawili au watatu wafunzwe pamoja, wamlipe msimamizi mmoja kwa simu ya video kila wiki, na waanze na kesi moja kila mmoja.

Kwa mtoa mafunzo yeyote, kabla ya kulipa, uliza haya. Ni sehemu gani ya muda ni maigizo? Umahiri unapimwaje: kwa mtihani wa kuandika, au kwa kumtazama mtu akifanya, kwa nyenzo kama za EQUIP za WHO na UNICEF? Vitini na maigizo ni vya Kiswahili? Mshiriki akizidiwa darasani, nani anamshughulikia? Na nani, kwa jina na kwa tarehe, atakutana nasi mwezi wa kwanza baada ya mafunzo? Asipoweza kujibu la mwisho, mwombe apunguze siku za ukumbini na ahamishie fedha hizo kwenye vikao hivyo. Akikataa, tafuta mwingine.